"Pombe imetiwa vitu": vitu gani, na vinafanya kazi gani?

Kwenye vilabu vya pombe vya kwetu Rombo kuna maneno yanayotosha kumfungia mama biashara yake: "Ya huyu imetiwa vitu." Hakuna anayeuliza vitu gani. Nimeyasikia yakisemwa kuhusu hamira ya dukani, kuhusu sukari, kuhusu magadi, na pia kuhusu spiriti ya viwandani inayopofusha na kuua, kana kwamba vyote hivyo vimezaliwa tumbo moja. Ndiyo maana naandika. Mtu asiyejua kutofautisha hamira na sumu ataiogopa hamira, kisha siku moja atainywa sumu.

Ukweli ni kwamba hakuna pombe isiyotiwa vitu. Ndizi mbivu zilizochemshwa zikaachwa zichachuke hazijawa mbege. Zinakuwa mbege zinapokutana na kimea cha ulezi na magome ya msesewe. Hata ile sheria ya Bavaria ya mwaka 1516, inayosifiwa mpaka leo kwa kuilinda bia isichafuliwe, iliruhusu shayiri, maji na hopsi. Hopsi ni nini kama si kitu kinachotiwa? Ni ua la mmea unaotambaa, halina sukari ya maana, na bia ingechachuka vizuri tu bila hilo. Hamira haikutajwa kabisa, kwa kuwa wakati ule hakuna aliyejua kwamba ni kiumbe hai.

Kila ninapokutana na kitu kipya cha kutia kwenye pombe huwa nakiuliza maswali matatu: kinafanya kazi gani, kinatiwa wakati gani, na je, mnywaji anakimeza au kinabaki chini pamoja na machicha? Hilo la tatu ndilo watu wengi hulisahau, na huko mbele tutaona liliwagharimu nini wanywaji wa Kanada.

Nianze na kimea, maana bila hicho nafaka haiwi pombe. Hamira hula sukari, na punje ya mahindi au shayiri imejaa wanga. Punje ikilowekwa na kuachwa iote, hujitengenezea vimeng'enya vya kuuvunja wanga wake uwe sukari ya kulishia mche. Mpika pombe anaukatiza uotaji huo, anaanika, anasaga, na vimeng'enya vinabaki ndani ya unga vikingoja maji ya moto. Kwenye busaa, unga wa mahindi uliovundikwa na kukaangwa hauna uwezo wa kujivunja. Kimea cha ulezi ndicho kinachoifanya kazi hiyo kwa niaba yake. Kwenye shayiri, joto zuri ni kati ya nyuzi 62 na 68. Ukichemsha mapema mno umeviua vimeng'enya, na kilichobaki ni uji. Kuna watu huongeza vimeng'enya vya unga vinavyouzwa kwenye pakiti. Ni vilevile vya kwenye kimea, isipokuwa vimetengenezwa kiwandani, na sioni haja navyo pale ambapo kimea kizuri kinapatikana.

Msesewe nilifundishwa na bibi. Magome yalikaushwa juani, yakatwangwa, yakatiwa kwenye sufuria yakiwa bado yana rangi ya kahawia iliyopauka. Hakuwa na mizani. Alichota kwa vidole vitatu, akakoroga, akasubiri, kisha akachovya ncha ya kidole na kuilamba, macho akiyaelekeza pembeni kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Mara nyingine aliongeza chembe. Mara nyingi hakuongeza. Shangazi yangu mmoja aliwahi kumwambia atie zaidi ili pombe "ikamate", akajibiwa kwa ukali ambao sikuuelewa mpaka nilipokua: "Msesewe ni dawa, si chumvi."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Msesewe kwa jina la kitaalamu ni Rauvolfia caffra, na ndugu yake wa Asia, Rauvolfia serpentina, ndiye aliyetoa reserpine, dawa iliyotumika sana kushusha shinikizo la damu tangu miaka ya 1950. Miti ya jamii hiyo imejaa alkaloidi, yaani viambata vyenye nguvu ya dawa. Kwa kiasi cha bibi, msesewe huleta uchungu unaoukata utamu wa ndizi na kumfanya mnywaji atamani funda la pili. Kwa kiasi cha shangazi, ungekuwa unampa dawa mtu ambaye hukumpima.

Hopsi hufanya kazi ya aina hiyohiyo kwenye bia ya shayiri, na ndiyo inayoonyesha vizuri kwa nini wakati wa kutia ni muhimu sawa na kiasi. Asidi chungu za hopsi haziyeyuki vizuri kwenye maji mpaka zichemke na kubadilika umbo, jambo linalochukua saa nzima hivi. Ukitia mwanzoni mwa mchemko unapata uchungu, lakini harufu yote imepaa na mvuke. Ukitia dakika tano za mwisho unapata harufu nzuri na uchungu kidogo sana. Ua ni lilelile, gramu ni zilezile, lakini bia ni mbili tofauti. Zaidi ya ladha, asidi hizo huwazuia bakteria wanaoiharibu bia, na ndiyo sababu bia yenye hopsi hudumu miezi wakati pombe zetu nyingi zina ya leo na ya jana, na kila mteja anajua tofauti.

Sasa hamira. Ya mkate na ile ya aina nyingi za bia ni spishi moja, Saccharomyces cerevisiae, kama ng'ombe wa maziwa na ng'ombe wa nyama walivyo ng'ombe wote. Ya mkate itachachusha, lakini haizami vizuri, na huacha ladha ya unga mbichi. Wazee wa Kikuyu walilitatua suala la hamira kwa ustadi mkubwa: tunda la mwegea, lile refu linaloning'inia kama soseji, lilipasuliwa, likachemshwa na kukaushwa, likatiwa kwenye asali au maji ya miwa. Nyuzi zake huwa nyumba ya hamira. Pombe ikiisha, tunda linaanikwa, hamira inalala humo ikiwa kavu, na safari ijayo inaamka. Ndiyo maana pombe yenyewe ikaitwa muratina, kwa jina la tunda hilo.

Hamira nayo hutaka chakula zaidi ya sukari. Inahitaji nitrojeni na madini kidogo, hasa zinki. Kimea cha shayiri kina nitrojeni ya kutosha. Asali na sukari nyeupe hazina, na hapo ndipo wapikaji hununua unga unaoitwa chakula cha hamira. Sehemu yake kubwa kwa kawaida ni fosfeti ya amonia, na mkulima yeyote wa Kenya au Tanzania anaijua kwa jina la DAP. Nasisitiza hapa kwa sababu nimewahi kuulizwa: usichote mbolea ya shambani ukaitia kwenye pombe. Jina la chumvi ni hilohilo, lakini mbolea za fosfeti hubeba uchafu, ukiwemo kadimiamu, na hakuna aliyeisafisha kwa ajili ya tumbo la mtu. Kuna njia rahisi isiyo na hatari. Chukua kijiko cha chai cha hamira ya mkate, kitie kwenye mchemko dakika kumi na tano za mwisho. Hamira hiyo itakufa, na mabaki yake yatalisha hamira hai utakayoitia baadaye.

Maji ndiyo yanayowasumbua wengi, na wengi hawajui kwamba ndiyo yanayowasumbua. Bia inakuwa na harufu ya dawa ya kusafishia vidonda, mpikaji anailaumu hamira, anaitupa, anapika nyingine, harufu ileile. Kosa ni klorini ya maji ya bomba. Inakutana na viambata vya kimea na hopsi, vinazaliwa viitwavyo klorofenoli, na pua ya binadamu huvitambua hata vikiwa vichache ajabu. Klorini ya kawaida hutoka maji yakichemshwa au yakilala usiku kwenye ndoo iliyo wazi. Mamlaka nyingine hutumia kloramini, ambayo haiondoki kirahisi hivyo, na hapo kuna kidonge cha metabisulfiti ya potasiamu. Kimoja hutosha lita 75 hivi, kwa hiyo lita 20 zinataka robo tu, na kazi inakwisha kwa dakika chache. Wenye pumu waambiwe, kwa kuwa sulfiti huwaamsha baadhi yao kifua, ingawa kwa kipimo hiki kinachobaki ni kidogo mno.

Kisha kuna chumvi za maji. Mji wa Burton upon Trent nchini Uingereza ulipata utajiri kwa bia chungu na kavu kwa sababu visima vyake vina jasi nyingi, yaani jipsamu. Plzeň, huko Bohemia, kuna maji laini yasiyo na chumvi karibu kabisa, na bia yake ya dhahabu ina uchungu mpole. Watu walidhani ni ufundi wa wapikaji. Sehemu kubwa ilikuwa ni mwamba ulioko chini ya miguu yao. Salfeti huutokeza uchungu wa hopsi, kloridi huutokeza utamu na unene wa kimea, na kalsiamu iliyomo kwenye jasi na kwenye kloridi ya kalsiamu huishusha pH ya kimea kilicholowekwa (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imeongezeka) na kuisaidia hamira kuzama. Hesabu yake ni nyepesi: gramu 4 za jasi katika lita 20 huongeza miligramu 46 hivi za kalsiamu kwa lita na 110 hivi za salfeti. Jasi iwe ya chakula. Ile jipsamu ya kupigia dari imechanganywa na vitu vingine vya ujenzi, haihusiki hapa.

Kabla hujatia chumvi yoyote, tazama ndani ya birika lako la chai. Anayeishi Unguja au sehemu nyingi za pwani, kwenye maji yanayotoka kwenye mawe ya matumbawe, ataukuta ukoko mweupe. Huo ni kalsiamu na bikaboneti zilizotoka kwenye maji yakichemka. Maji ya namna hiyo yana kalsiamu tayari. Yanachotaka ni kuchemshwa, kutulia na kumiminwa taratibu ili ukoko ubaki chini. Kuna wanaotia asidi ya laktiki kwa matone kushusha pH. Togwa na busaa hazijawahi kuhitaji chupa ya asidi hiyo, kwa kuwa bakteria wao huitengeneza wenyewe.

Nifike kwenye kung'arisha, sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa ndipo bia za watu wa mbali zinapokutana na mikono ya watu wetu.

Bia ya shayiri ikitoka kwenye moto ina protini zinazoelea, na ikipoa zinaifanya iwe na ukungu. Wapikaji wa Ulaya waligundua zamani kwamba mwani fulani mwekundu wa Atlantiki ukitiwa kwenye dakika kumi au kumi na tano za mwisho za mchemko, protini hugandana mabonge na kuzama. Kijiko cha chai cha mwani uliokauka hutosha lita 20. Ndani yake kuna karajinani, utelezi wenye chaji hasi. Protini kwenye maji hayo zina chaji chanya, vinavutana, vinakuwa vizito, vinaenda chini. Ukishamimina bia ya juu, mwani unabaki kwenye sufuria.

Karajinani hiyo ndiyo inayotolewa pia kwenye mwani wa Zanzibar. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, na mpaka leo wanaokifanya ni wanawake kwa sehemu kubwa. Maji yakitoka wanashuka na kamba na vijiti, wanafunga vipande vya mwani mmoja mmoja, migongo imeinama, jua linawapiga kutoka juu na majini. Aina wanayoiita kotonii ndiyo yenye karajinani inayoshika protini namna hiyo, na ndiyo yenye bei nzuri, lakini bahari ikipata joto hugeuka nyeupe na kufa, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosamu ya bei ya chini. Mwani huo huenda nje mkavu, kwenye magunia, na karajinani yake huingia kwenye vyakula, dawa ya meno na vipodozi vya dunia nzima. Ukisoma neno hilo kwenye pakiti ya vidonge vya kung'arishia bia, usiseme ni kemikali ya Wazungu. Ni utelezi wa mwani, na kuna mama wa Jambiani anayeujua kwa vidole kuliko mwandishi wa pakiti.

Na Mwanza nayo imo. Baada ya bia kuchachuka, hamira hubaki ikielea, na yenyewe ina chaji hasi. Kinachoizamisha ni protini ya aina ya kolajeni yenye chaji chanya. Kwa karne nyingi Waingereza waliipata kwenye mabondo ya samaki, kile kifuko cha hewa tumboni. Mwanzo ilikuwa ya samaki wakubwa wa mito ya Urusi, walewale wa kaviari, na bei yake ilikuwa ya juu mpaka mhandisi William Murdoch alipotafuta njia ya kutumia samaki wa kawaida wa bahari ya kaskazini mwaka 1795. Sangara wa Ziwa Viktoria walipoanza kuvuliwa kwa wingi, mabondo yao nayo yakasafirishwa kwa kazi hiyo. Siku hizi mengi huenda China na Hong Kong kuliwa, na bondo kavu lina bei kuliko minofu ya samaki aliyelibeba. Namna linavyotumika ni rahisi: linalowekwa kwenye asidi hafifu mpaka liwe kama ute, linamiminwa kwenye pipa baridi, na kwa siku chache bia inang'aa. Joto huliharibu. Kampuni ya Guinness ilitangaza mwaka 2015 kwamba inaacha kulitumia, baada ya wasiokula nyama na samaki kulalamika kwa miaka.

Gelatini ya dukani hufanya kazi hiyohiyo, ikiyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 70 hivi bila kuchemshwa. Mwenye kujali ilikotoka, kama ni ngozi ya ng'ombe au ya nguruwe, asome pakiti.

Lakini niseme wazi msimamo wangu: kung'arisha ni kwa ajili ya jicho. Hakuna anayelalamika kwamba mbege ina ukungu, maana inanywewa kwenye kata au kibuyu, na ulezi unaoelea ni sehemu ya shibe yake. Bia ilianza kudaiwa ing'ae ilipoanza kuuzwa kwenye glasi. Mtu anayeanza kupika nyumbani na ana fedha kidogo, aitumie kwenye hamira nzuri na maji yasiyo na klorini. Muda na ubaridi vitaing'arisha bia yake bure.

Kitu cha mwisho kutiwa ndicho kinachoonekana hakina madhara kuliko vyote, nacho ni sukari ya kwenye chupa. Kila gramu ya sukari ikiliwa na hamira hutoa nusu gramu hivi ya hewa ya kaboni dayoksaidi, na kizibo kikiwa kimefungwa hewa hiyo haina pa kwenda ila ndani ya bia. Gramu 6 kwa lita zinatosha, yaani gramu 120 kwa lita 20. Mwaka wangu wa pili wa kupika nilipima hivyohivyo, kwa mizani, nikajaza chupa arobaini na kuzipanga chini ya kitanda cha chumba cha wageni. Usiku wa tano tulisikia mlio kama wa bati kupigwa jiwe. Ukafuata wa pili. Nilipofungua mlango, sakafu ilikuwa imelowa na kipande cha kioo chenye urefu wa kidole kilikuwa kimejichoma kwenye godoro kutokea chini. Mgeni wetu alikuwa ameondoka asubuhi ile.

Sukari yangu ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwamba bia haikuwa imemaliza kuchachuka nilipoifunga, kwa hiyo gramu 6 zangu zilikuta sukari nyingine nyingi ndani. Povu kutulia si dalili ya kuisha. Dalili ni haidromita, kile kifaa cha kupimia sukari iliyobaki kwenye bia, kusoma namba ileile siku tatu mfululizo. Tangu hapo sijawahi kufunga chupa bila kusoma namba hiyo, na chupa nazihifadhi kwenye kreti lililofunikwa gunia, mbali na mahali mtu anapolala.

Sasa turudi kwenye vile "vitu" ambavyo watu wana haki ya kuviogopa.

Mwaka 1900, Manchester na miji ya jirani, watu walianza kufa ganzi miguu na mikono na ngozi zao zikawa nyeusi. Madaktari wakadhani ni ulevi tu, mpaka daktari Ernest Reynolds alipoipima bia na kukuta arseniki. Ilitoka kwenye sukari ya kupikia bia, iliyotengenezwa kwa asidi ya salfa iliyochafuka. Zaidi ya watu 6,000 waliugua, na angalau 70 walikufa. Wapikaji hawakukusudia. Hawakuuliza tu sukari imetengenezwaje.

Kule Quebec, Kanada, mwaka 1965 na 1966, chumvi ya kobalti ilitiwa kwenye bia ili povu lisikate haraka. Ilifanya kazi yake vizuri. Lakini kobalti haizami na machicha, inakwenda na kila glasi mpaka kwenye moyo wa mnywaji. Wanaume waliokuwa wakinywa sana walipatwa na moyo kushindwa kusukuma damu. Kati ya wagonjwa 48 waliohesabiwa hospitalini, 20 walikufa. Sumu hiyo ilitiwa kwa ajili ya povu.

Na kwetu kuna methanoli, ile sumu ya kwenye spiriti ya viwandani. Watu husema pombe ya kienyeji "huzalisha" methanoli. Kuchachuka kwa nafaka au ndizi hutoa kidogo sana, kisichofikia kuua. Vifo vya makundi, kama vya Nairobi Novemba 2000 ambapo zaidi ya watu 100 walikufa, hutokana na spiriti ya viwandani iliyomiminwa kwenye pombe ili iwe kali kwa bei ndogo. Huwezi kuitambua kwa kuionja wala kwa kuinusa, na kuchemsha kimea vizuri hakukusaidii, kwa kuwa haikutoka kwenye kimea. Mnywaji hulewa kama kawaida, hulala, na dalili huja baadaye, mara nyingi baada ya muda wa saa kumi na mbili hadi ishirini na nne tangu kunywa: kichwa, kutapika, tumbo kuuma, kuhema haraka, na macho kuona kama yako nyuma ya ukungu au theluji. Mtu akisema haoni vizuri baada ya kunywa, asiachwe alale "pombe iishe". Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa dawa ya kuizuia ipo na inafanya kazi ikiwahi. Waliokunywa naye wapelekwe hata kama bado wanaona, na chupa iliyobaki ibebwe pia.